Mwalimu Aliyechagua Uduvi Wenye Vichwa

Uduvi hauchaguliwi. Unachotwa kwa kopo, unamiminwa kwenye mfuko, mteja anakwenda zake. Hata mtu mwenye ugomvi na dunia nzima hawezi kukaa mbele ya meza yangu akaupekua mmoja mmoja, maana ni vitu vidogo kama kucha za mtoto mchanga. Mwalimu alikuwa anachagua. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alikuja hapa sokoni na mwavuli wake, hata kiangazi, akavuta kigoda changu bila kuniomba, akakaa, akatandaza karatasi nyeupe mapajani na kuanza kutafuta wenye vichwa. Asiye na kichwa alirudishwa kwenye fungu. Aliyekatika miguu alirudishwa pia. Wateja walisimama nyuma yake wakisonya, naye hakugeuka.

"Mwalimu, hawa wamekuja na treni kutoka Dar," nilimwambia siku moja. "Wamesukumwa na magunia njia nzima. Vichwa wavipate wapi?"

"Wewe Dawati la Nyuma, uza samaki zako, niache nifanye kazi."

Dawati la Nyuma ni mimi. Alinifundisha baiolojia kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, na miaka yote hiyo nilikaa nyuma kabisa karibu na dirisha, nikitazama punda wa kubeba maji wakipita. Nilipomaliza shule mama akanirithisha meza hii ya samaki wakavu, nami nimezeeka nayo. Mwalimu hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nami hapa simtaji lake, kwa sababu hakuna aliyelitumia. Shuleni alikuwa Mwalimu. Mtaani kwetu Ng'ambo, nyuma ya mgongo wake, alikuwa Maliza Dozi.

Nilipenda kumwambia kwamba biashara yangu ni ya heshima. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, na bibi aliapa kwamba samaki wakavu wa pwani walifika Tabora migongoni mwa watu wetu kabla reli haijaingia ndotoni mwa mtu yeyote. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho huku vidole vyake vikiendelea kuchambua.

"Na kipindupindu nacho kilipanda na misafara hiyo hiyo," akasema. "Usijisifu nusu."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimpa ua anakuonyesha mdudu aliyemo.

Kamba wa baharini hayumo kwenye mtaala. Sisi hata ziwa tunalisikia kwa wenzetu wa Kigoma, bahari ndiyo usiseme. Lakini kila darasa lililopita mikononi mwake lilijua kwamba damu ya kamba si nyekundu, ina buluu hafifu kwa sababu imebeba shaba. Lilijua kwamba akijeruhiwa gamba, pale mahali hugeuka peusi, na huo weusi ni vita. Uduvi wangu aliugawa darasani, mmoja kwa kila mwanafunzi, kama komunyo ya Wakatoliki, na ole wake atakayemla. Uduvi ni ndugu wa kamba, alisema, mdogo tu na maskini. Ndiyo maana alitaka wenye vichwa. Hakutaka tujifunze mwili wa kiumbe aliyekatwa.

Siku ya somo la kinga hatuisahau. Alijaza maji kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, ule wa kufungia barafu za kulamba, akamkabidhi mwanafunzi wa mbele aushike juu.

"Huyu ni bakteria," akasema. "Amevaa ngozi. Ngozi ikiwa nzima anaishi, anazaa, anakula mwili wako."

Kisha akatoa mkobani miiba ya mgunga, akatugawia. "Na nyinyi ni peptidi. Semeni."

"Peptidi!"

"Peptidi ni nini?"

"Kipande kifupi cha protini!"

"Kinakaa wapi?"

"Ndani ya seli za damu za kamba!"

"Kinasubiri nini?"

Hapo ndipo tulipotakiwa kupaza sauti mpaka darasa la jirani walalamike. "Hakisubiri!"

Tukachoma. Maji yakamwagikia viatu vya yule wa mbele, tukacheka, naye Mwalimu akasimama akiutazama ule mfuko ulionywea kama mtu anayetazama kitu kikubwa zaidi ya mfuko. Alitueleza kwamba sisi watu tuna kingamwili, askari wanaojifunza sura ya adui na kuikumbuka, na ndiyo sababu mtoto anachanjwa. Kamba hana askari hao. Hawezi kusubiri ajifunze. Kwa hiyo silaha zake ndogo ziko tayari kabla ugonjwa haujabisha hodi, za aina nyingi, na kazi yake kubwa ni moja: kung'ang'ania ngozi ya bakteria na kuitoboa.

"Kamba hamkumbuki adui yake," alisema. "Kwake kila vita ni ya kwanza."

Miaka mingi baadaye alikuja mezani kwangu akiwa na haraka, si kununua. Alikuwa amesoma kwamba wataalamu wanabishana, wengine wanadhani kamba huenda akabakiwa na alama fulani ya ugonjwa uliopita. "Bado hawajakubaliana," akasema, "ila nisije nikaonekana nilikudanganya." Nilikuwa na wajukuu wakati huo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuja kunisahihishia somo la kidato cha pili.

Mkuu wa shule mmoja alimwita ofisini kumkumbusha kwamba kamba hayumo kwenye mtaala. Akamjibu kwamba hata ugonjwa haujausoma mtaala. Alihamishiwa shule ya pembeni kwa mwaka mzima, akawa anakwenda kwa baiskeli, mwavuli umefungwa kwenye mpini, na uduvi kwenye bahasha.

Jina la Maliza Dozi lilitokana na vikopo. Huku kwetu kila nyumba ina kikopo. Mtu akiandikiwa dawa anakunywa mpaka apate nafuu, zinazobaki zinawekwa kikoponi, maana kuzitupa ni dhambi na kuzinyima ni ubaya. Jirani akikohoa unamtolea vidonge viwili. Na mtu akijikata, kinafunguliwa kidonge kimoja cha rangi mbili, unga wa njano unamwagwa juu ya jeraha. Tunaita kukausha. Anayekuja na kidonge chake mkononi wakati mwanao anatoka damu ni jirani wa kweli, na utamkumbuka kwa hilo. Siyo ujinga tu, kuna upendo ndani yake, na ndio uliomkasirisha Mwalimu zaidi. Ujinga angeupiga kwa chaki. Upendo alikosa namna ya kuupiga.

Alijaribu hata hivyo. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajaulizwa chai, anauliza kikopo kiko wapi. Aliingia harusini, akamwona shangazi wa bibi harusi amekaushwa kidole kwa unga, akamtoa nje na kumwosha kwa sabuni huku ngoma inalia. Sabuni alitembea nayo, kipande cha mche ndani ya kisanduku cha plastiki, mkobani daima, hata misibani. Watoto wa mtaa walimfuata wakiimba, "Maliza dozi, maliza dozi!" naye alidhani wamejifunza. Labda walikuwa wamejifunza.

"Bakteria hana haraka," alikuwa akisema. "Mwenye haraka ni wewe. Unammwagia kidogo, wanakufa wanyonge, wanabaki majabali. Kesho majabali wanazaa majabali. Ukija na dawa yako wanaipangusa kama jasho."

"Sasa tufanyeje, Mwalimu?" akamuuliza jirani yangu anayeuza nyanya. "Mimi nikifunga meza niende zahanati, nani atauza?"

"Maji na sabuni. Na dozi nzima, ukiandikiwa."

"Dozi nzima kwa mfuko huu?"

Mwalimu alisonya, akaondoka. Nikadhani ndiyo basi. Jioni yule wa nyanya akaletewa dozi kamili ya mtoto wake aliyekuwa akiumwa, kutoka duka la dawa, imeshalipiwa, na salamu kwamba ikibaki hata kidonge kimoja atajua. Ni Mwalimu huyohuyo, mwanamke aliyebishania bei ya fungu la mchicha mpaka muuzaji akataka kulia.

Alikuwa na mengi ya namna hiyo, yasiyokaa chungu kimoja. Aliweza kumwambia mzazi mbele ya umati kwamba mwanawe ni mvivu wa kuzaliwa, kisha akamfundisha mvivu huyo bure kila Jumamosi. Alifundisha habari za damu kwa muda wote huo, lakini damu ya mtu aliiogopa. Nilimwona kwa macho yangu, mchinja kuku alipojikata hapa sokoni, Mwalimu akageuka rangi na kushika nguzo ya banda. Na jambo ambalo soko zima lililijua: uduvi hakula. Wala kamba, wala kitu chochote cha jamii hiyo. Wengine walisema ni mwiko wa kwao, wengine wakasema unamwasha ngozi. Nilipomuuliza alinijibu, "Walinifundisha. Mtu hamli mwalimu wake."

Kuhusu miaka yake ya pwani alikuwa bahili wa maneno. Nilichokipata nilikiokota kidogo kidogo kwenye kigoda kile. Kabla ya kuwa mwalimu alifanya kazi kwenye mabwawa ya kufuga kamba, kusini huko, kama msaidizi wa maabara, akiwa mama kijana na mtoto mmoja, bila mume. Hapo ndipo alipojifunza mambo ya peptidi, kwa mtaalamu mmoja aliyependa kuongea akifanya kazi. Kisha ugonjwa ukaingia. Kamba wakawa wekundu, wana madoa meusi, wakasogea kingoni mwa bwawa na kuogelea kiubavu. Ndege ndio waliokuwa wa kwanza kujua, walipanga mstari kwenye tuta wakisubiri. Mwenye mabwawa akaleta magunia ya unga wa njano, dawa ya aina ileile ya kwenye vidonge vyetu, na aliyechanganya unga huo kwenye chakula cha kamba alikuwa Mwalimu mwenyewe.

"Ukafaa?" nilimuuliza.

"Ulifaa sana. Hiyo ndiyo balaa yake. Wakaongeza. Kila mwezi, wagonjwa na wazima, wakala dawa kama chakula. Mara ya pili ugonjwa ulipokuja, unga ukawa unga tu."

Alisema kamba walikuwa wamekuja duniani na silaha zao wenyewe, wakabanwa kwenye bwawa chafu mpaka silaha zikaelemewa, kisha wakapewa silaha ya kukopa mpaka adui akaizoea. Walikufa wote. Walizikwa kwa trekta. Yeye akachukua mtoto na sanduku, akapanda treni kurudi huku bara.

Mtoto huyo alikua mtu mzima wa maneno machache, mwenye mabega mapana. Shule hakuipenda. Akaoa, akaenda Ulyankulu kulima tumbaku, na kila akija mjini alipitia hapa kununulia watu wake dagaa. Alikuwa akinitania, "Shikamoo, mama. Mwalimu hajakutoboa bado kwa miiba?" Nikimwitikia marahaba nilikuwa nacheka tayari. Mwalimu alimpenda kwa namna yake ya kumkaripia. Alijivunia matuta yake. Aliniambia mara nyingi kwamba hakuna tuta lililonyooka Ulyankulu nzima kama la mwanawe, na wakati huo alikuwa hajawahi kumsifia mtu mwingine yeyote kwa lolote.

Msimu uliopita, wakati wa kuinua matuta, jembe lilimponyoka mwanawe likamkata kwenye muundi. Jeraha halikuwa kubwa. Mkewe alisema angeweza kulifunika kwa vidole viwili. Yeye akafungua kidonge cha rangi mbili akalikausha, akarudi shambani. Kesho akakausha tena. Likafanya gamba juu, likaonekana limepona, kisha likafunguka. Akaongeza unga. Wiki zikapita hivyo, gamba juu na usaha chini, na kwa mama yake hakusema neno, maana alijua kelele zitakazofuata. Aliyesema ni mkewe, kwa simu, siku homa ilipoanza.

"Mama," alisema, "mguu unanuka."

Mwalimu alikodi gari siku hiyohiyo. Alipofika akafungua kitambaa, na mke wa mwanawe anasema hakupiga kelele kabisa. Alitoa kile kisanduku cha sabuni, akaomba maji ya moto yaliyopozwa, akaosha. Yeye mwenye kuogopa damu. Aliosha mpaka unga wote wa njano ukatoka, kisha wakambeba mgonjwa mpaka kwenye gari.

Hospitalini walimpokea vizuri, siwezi kusema vingine. Usaha ulichukuliwa ukaoteshwa maabara, wakajaribu juu yake dawa moja baada ya nyingine waone ipi itawaua wale wadudu. Nilikuwa nimepeleka uji siku majibu yalipokuja. Daktari alikuwa kijana mpole, akavuta kiti akakaa, na mimi nikajua, maana madaktari wakiwa na habari njema huzisema wamesimama.

"Mama, dawa tulizonazo hapa karibu zote zimegoma. Imebaki moja, tunampa, lakini siwezi kuitegemea peke yake. Kinachoweza kumwokoa ni kuukata mguu, na iwe leo."

Mwalimu aliuliza dawa moja moja kwa majina yake. Kila alipotaja daktari alijibu, "Sugu." Alitaja nyingine, "Sugu." Ilikuwa kama lile darasa la maswali na majibu, ila sasa yeye ndiye mwanafunzi, na hakuna aliyecheka.

Mimi sina adabu nikiwa na hofu. Nikamuuliza palepale, "Na zile peptidi zako, Mwalimu? Zile za kutoboa? Haziwezi?"

Alinitazama kwa huruma, kitu ambacho sikukizoea kwake. "Ziko maabara za mbali huko, wanazihangaikia. Nyingine zinavunjika mwilini kabla hazijafika kidondani. Nyingine zinatoboa hata seli za mgonjwa. Siku moja huenda zikawa dawa. Hapa Tabora zimefika kwenye uduvi wako tu."

Mwanawe alikataa kukatwa. Mkulima wa tumbaku bila mguu ni nani, alisema. Mama yake alimbembeleza. Sijawahi kumsikia akibembeleza mtu, na alikuwa hajui, alikuwa anarudia neno moja tu, tafadhali, tafadhali baba, kama mtoto anayeomba asiachwe. Mgonjwa alikuwa amegeuzia uso ukutani. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Mbona zamani kidonda kilipona, Mama?"

Mwalimu aliacha kubembeleza. Alisimama, akaenda kwenye karo la wodi, akanawa mikono muda mrefu sana. Mimi sikuelewa kitu. Nikadhani homa ndiyo inayosema.

Kesho yake asubuhi mgonjwa alikubali kukatwa. Lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, akili yake inakuja na kuondoka, na hakufika kwenye chumba cha upasuaji. Tulimzika Itetemia, kwenye kiwanja cha mama yake. Watu walikuwa wengi, wanafunzi wake wa miaka yote, watu wazima wenye mvi. Wachungaji waliongea. Mwalimu hakulia mbele yetu. Alipokea kila mkono uliompa pole, yeye ambaye hakupenda kushikana mikono, na hakunawa baada yake. Hilo ndilo lililonitisha.

Miezi ikaenda. Alikuwa ameshastaafu, lakini kila muhula aliendelea kuwafundisha watoto nyumbani na kuja kwangu kuchagua. Shule zikakaribia kufunguliwa, hakuja. Zikafunguliwa, hakuja. Kigoda kilikaa pale, na nilijikuta nawafukuza watu wakitaka kukikalia. Mwishowe nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu mama anirithishe meza ile. Nikatandaza karatasi mapajani nikaanza kuchagua uduvi wenye vichwa. Yule wa nyanya alinicheka mpaka akachoka. Macho yaliniuma, mgongo ukauma, na nikajua kwa mara ya kwanza jinsi walivyo wachache waliofika wazima.

Nikaufunga, nikaenda Itetemia mchana, jua linawaka. Mkwe wake, mjane wa mwanawe aliyehamia kwake baada ya msiba, alinikuta njiani na jembe begani, tukasalimiana mwadila, salamu ya kwetu, akaniambia mama yuko jikoni na hataki kupokelewa kazi. Nilibisha hodi nikaingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, Dawati la Nyuma. Umekuja wakati wa chakula."

Alikuwa amekonda, kitenge kimefungwa mara mbili. Nilimpa kifurushi changu. Alikifungua, akasogeza uduvi kidogo kwa kidole, akaona nilichokifanya. Kisha akakifunga tena vizuri, akanirudishia mapajani.

"Uza," akasema. "Sifundishi tena."

Ndipo nikasikia harufu. Juu ya meza palikuwa na ugali, na pembeni yake bakuli la uduvi wa karanga, umeungwa na nyanya. Nilichungulia. Wote walikuwa na vichwa. Juu ya kabati, kopo lake la biskuti alilohifadhia wale wa darasani lilikuwa wazi, tupu. Yeye asiyekula uduvi alikuwa ameupika wote, miaka yake ya kuchagua, kwenye sufuria moja.

Nikauliza lililokuwa limenikaa moyoni tangu hospitali. "Mwalimu, mwanao alisema zamani kidonda kilipona. Zamani ipi?"

Alikata tonge, akaliacha pembeni ya sahani.

"Kule mabwawani," akasema. "Alikuwa na miaka saba hivi. Alikanyaga chupa kwenye tuta, unyayo ukafunguka, damu inatoka kama bomba. Mimi ni mama, niko peke yangu, zahanati iko mbali. Gunia la unga lilikuwa wazi mbele yangu. Nikachota, nikammwagia."

"Akapona."

"Akapona upesi, nawe hukuwahi kuona kidonda kinapona namna ile. Akawa anawaonyesha wenzake kovu. Anasema, mama yangu ana unga." Alitabasamu, na lilikuwa jambo baya kulitazama. "Nimesema miaka yote hiyo, kwa kila mtu, Tabora nzima. Alinisikia. Aliketi hapo hapo ulipo akinisikia. Lakini yeye alikuwa na kovu lake mguuni, na kovu lilikuwa linamwambia kitu kingine. Mimi nilikuwa nafundisha. Yeye alikuwa anakumbuka."

"Hukumwambia kwamba siku ile ulikosea?"

"Sikumwambia. Nilikuwa naona aibu kwa mtoto wangu mwenyewe. Nikadhani amesahau."

Nje mkwe wake alikuwa amerudi, anakung'uta udongo kwenye jembe. Nilitaka kumwambia Mwalimu kwamba mama yeyote angefanya vile, na ni kweli, mimi mwenyewe ningefanya. Lakini alikuwa mtu wa kusahihisha, na nilijua angenisahihisha.

Aliingiza vidole kwenye bakuli, akatoa uduvi mmoja, akauinua kwenye mwanga wa mlango kama alivyokuwa akituinulia darasani. Macho mawili meusi, sharubu, kila kitu mahali pake.

"Huyu hakumbuki kitu," akasema. "Heri yake."

Akamtia mdomoni pamoja na kichwa chake, akatafuna polepole. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. Kile kisanduku cha sabuni kilikuwa kando ya ndoo, kimekauka. Nikakifungua, nikanawa, nikasogeza kigoda, tukala.